Blanketi Lisilo na Mstari wa Njano

Mimi si kipofu. Margaret, mama wa kijana anayemposa binti yangu, aliponifunika lile blanketi mabegani, mbele ya wageni waliojaa sebuleni kwangu hapa Brooklyn Park, Marekani, nililitazama mara moja tu, damu ikanichemka.

Kwetu Meru posa haiendi bila blanketi la mama wa binti. Mama wa kijana hulileta mwenyewe, akamfunika mwenzake, wakawa ndugu. Ukilivua, umekataa.

Na ni Margaret huyu huyu aliyenifundisha tartani, vile vitambaa vya Uskoti vya mirabamiraba. Krismasi iliyopita, nyumbani kwake Roseville, alinitolea sketi ya kiume ya marehemu baba mkwe wake: buluu, kijani na nyeusi, na mstari mwembamba wa njano umepita katikati.

"Sisi akina Gordon tuna mstari huu," alisema, akiupapasa kwa kidole. "Ukiuondoa, inabaki ile ya askari. Hiyo anavaa yeyote."

Sasa hili la mabegani mwangu lilikuwa buluu, kijani na nyeusi. Nikaligeuza upande wa pili. Nikatafuta hadi kwenye pindo. Njano hakuna, hata ya dawa.

Yaani binti yangu Nkirote, niliyemsomesha unesi kwa kazi ya kuwageuza wazee wa watu vitandani, ndiye huyo yeyote? Nikalivua, nikamtupia Margaret mapajani.

"Wapelekee askari," nikamwambia kwa Kiingereza.

Kaka yangu Zadock, msemaji wetu siku hiyo, akakohoa. "Dada, polepole. Hawa ni wageni."

"Wageni gani wananiletea makombo?"

Margaret aliiva uso mzima. Akamtazama mwanawe Neil, kisha akanigeukia. "Nilidhani ni lako," akasema. "Nkirote amenipa pale mlangoni, akaniomba nikufunike tu."

Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mum, niliinunua mimi," akasema. "Pale mall, Bloomington. Hii story ya blanketi sikuwaambia."

"Kwa nini?"

"Wangetuona aje? Watu wa kudai-dai vitu? It's embarrassing, Mum."

Neil hakuelewa Kiswahili, lakini neno blanketi alilishika. Alipoelezwa na Zadock, akasema taratibu, "Ningejua, ningekuletea ile sketi ya babu." Hilo lilinichoma kuliko yote. Mtoto wa watu hakuona haya. Aliyeona haya ni niliyemzaa mimi.

Nilitaka kumwomba Margaret radhi, lakini bado nilikuwa na hasira. Nikamshika bega tu, nikasimama.

"Zadock, wape wageni chakula. Posa yao nimeipokea." Kisha nikamwambia Nkirote, "Wewe njoo jikoni. Utanieleza tangu lini mama yako amekuwa kitu cha kufichwa."

Akanifuata huku analia. Sikumbembeleza.