Namba Nyekundu Asubuhi ya Idi

Saodah aliapa mbele ya watu, na ukishaapa mbele ya watu huna tena pa kujificha. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Ramadhani, futari bado iko mezani, mwanawe Hazwan aliporudia wimbo wake kwamba gari lile liuzwe.

"Mnunuzi nimeshampata," alisema. "Atakuja kuliona baada ya Idi."

"Nani kakwambia nauza?"

"Mama, hilo nalo gari? Jua likichomoza linafichwa, jua likizama linatolewa. Hata popo ana nafuu."

Nenek Temah, yaani Bibi Temah, mama yake Saodah, aliyekuwa akitoa kokwa za tende kwa vidole vyake vikongwe, akacheka mpaka akapaliwa. Saodah hakucheka. Gari lenyewe lilikuwa dogo, rangi ya maziwa, na mbele na nyuma lilikuwa na kibao chekundu cha namba. Pale Singapore kibao chekundu maana yake moja: siku za kazi, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni, gari hilo lisionekane barabarani. Wikendi na sikukuu, ruksa kutwa. Mwenye dharura ananunua ruhusa ya siku moja, anaendelea na safari yake.

Saodah hakuwahi kuinunua ruhusa hiyo hata mara moja. Si ubahili. Alikuwa ameendesha basi la shule kwa nusu ya umri wake, akiambiwa saa ya kufika, saa ya kuondoka, mlango upi afungue na watoto wa nani awasubiri. Alipostaafu akanunua gari ambalo hakuna mtu wa kumwambia simama hapa, geuza pale. Mchana alikuwa ameiachia serikali, usiku ukawa wake, na mapatano hayo aliyaheshimu kama ndoa. Kununua ruhusa kwake ilikuwa ni kupiga magoti.

"Kila mwaka nani anampeleka bibi yako Johor kwenye kaburi la babu yako?" aliuliza. "Mimi au huyo mnunuzi wako?"

"Mwezi uliopita umekwaruza nguzo ya maegesho pale chini, mama. Nguzo! Ipo pale tangu sijazaliwa."

"Nguzo ndiyo ilinisogelea."

"Mimi silali," alisema Hazwan, na sauti yake ikawa haina mzaha tena. "Ukitoka na gari usiku, silali mpaka nisikie ufunguo mlangoni."

Hapo ndipo Saodah alipoapa. Asubuhi ya Idi atamfikisha mama yake makaburini kule Johor, nchi jirani ng'ambo ya mlango wa bahari, bila faini na bila ruhusa ya siku. Akishindwa, gari liuzwe. Akishinda, Hazwan asilitaje tena neno hilo mpaka amzike. Hazwan akakubali haraka mno. Idi ni sikukuu, na siku ya sikukuu namba nyekundu iko huru, kwa hiyo Saodah alijiona mjanja kwelikweli. Alisahau kwamba Idi haipangwi na kalenda ya ukutani.

Jioni ya kutafuta mwezi wakakaa mbele ya televisheni. Mufti wa Singapore akatangaza kwamba mwezi haukuandama; kesho watu wanaendelea kufunga, Idi keshokutwa. Hazwan alikuwa bado ananyoosha miguu wakati simu ilipolia. Alikuwa Kamsiah, dada yake Saodah, aliyeolewa Johor miaka mingi.

"Mwezi umeandama huku!" alipiga kelele Kamsiah. "Idi kesho! Ketupat zetu za wali ziko jikoni zinachemka. Mama mnamleta saa ngapi?"

Saodah alibaki na simu sikioni. Nusu saa ya safari kati ya nyumba mbili, na nyumba moja inafunga kesho wakati nyingine inakula. Ng'ambo kesho ni Idi. Huku kesho ni mkesha tu, na siku ya mkesha namba nyekundu hufunguliwa saa tisa mchana. Hazwan alikuwa ameshapiga hesabu hiyo. Alimtazama mama yake, akajitahidi asitabasamu, akashindwa.

"Twende usiku huu huu," alisema Saodah.

"Usiku huu nusu ya Johor iko kwenye foleni inarudi makwao," alisema Nenek Temah. "Mume wa Kamsiah mwaka juzi alikaa humo mpaka akalala usingizi na ndoto akaota. Mgongo wangu si gunia. Tutakula daku, kisha twende."

"Twende keshokutwa basi, Nek, Idi ya kwetu," alisema Hazwan. "Hata namba nyekundu inaruhusiwa."

Bibi akamgeukia mjukuu wake taratibu. "Mume wangu kalala Johor. Idi yake ni kesho. Unataka nimwambie nimechelewa kwa sababu ya rangi ya kibao?"

Saodah akaenda kutafuta pasi zao za kusafiria.

Walitoka kukiwa bado giza, baada ya daku, wawahi kuuvuka mpaka kabla ya saa moja, maana ng'ambo sheria ya namba nyekundu haifiki. Nenek Temah alikaa nyuma na sufuria ya nyama ya rendang mapajani, imefungwa kwa kitambaa, harufu yake imelijaza gari zima. Hazwan alikaa mbele kama mwamuzi wa mechi. Barabara ilikuwa nyeupe na Saodah akaanza kuimba chinichini. Walipokikaribia kituo cha mpakani, Hazwan akainamisha kichwa, akatazama dashibodi.

"Mama, mafuta."

Wimbo ukakatika. Atokaye Singapore kwenda Johor sharti tangi lake liwe na robo tatu, asije akaenda kujaza kwa jirani yaliyo rahisi. Na kwa kuwa kwa jirani ni rahisi, kila mtu huacha tangi likauke, kisha hujaza kiasi cha sheria dakika ya mwisho. Saodah naye alikuwa amelikausha tangi lake wiki nzima kwa raha zake, akinuia kujaza kesho. Sasa mwezi ulikuwa umeila hiyo kesho. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa.

"Usiseme kitu," alisema.

"Sijasema."

"Unapumua kwa kejeli."

Akageuza. Kituo cha mafuta cha mwisho kilikuwa kimefurika watu waliofanya kosa lilelile, wamepanga magari mpaka barabarani, kila mmoja akimlaumu mwenzake wa pembeni. Saodah alipotoka pale na tangi lake halali, adhana ya alfajiri ilikuwa imeshapita na foleni ya mpakani ilikuwa haionekani mwisho.

"Basi tumefunga," alisema Hazwan. "Alfajiri imetukuta upande huu."

"Tumefunga mpaka katikati ya tuta la kuvukia bahari," alisema Nenek Temah. "Kule ni Idi, na siku ya Idi kufunga ni haramu. Nipeni tende moja mkononi. Tukifika katikati mniambie."

Magari yalisogea hatua kama ya kuku, yakasimama. Mbingu ikaanza kuwa kijivu. Pembeni wakapitwa na watu waliochoka kungoja, wanatembea kwa miguu na vifurushi vyao, mwanamume mmoja amevaa kabisa nguo za Idi, kofia kichwani, viatu mkononi. Saodah hakuitazama saa. Aliitazama taa nyekundu ya gari la mbele kana kwamba angeweza kuizima kwa macho.

"Mama," alisema Hazwan. "Ninunue ruhusa? Iko hapa kwenye simu. Ni kubonyeza tu."

"Ukibonyeza, unashuka. Utavuka na wale wenye viatu mkononi."

"Kwa nini unajitesa?"

"Kwa sababu nimeendesha watoto wa watu miaka yote kwa saa za watu!" Sauti yake ililijaza gari lote. "Wakasema mchana usitoke, nikasema sawa. Wakasema jaza mafuta, nimejaza. Sasa mwanangu mwenyewe, niliyemnyonyesha, anataka niombe ruhusa ya kumpeleka mama yangu kumwona mumewe! Siombi, Hazwan. Nishindwe, nishindwe nikiwa nimeshika usukani."

Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Aliikaza kwenye usukani ili isionekane, na kwa kuikaza ikaonekana zaidi. Hazwan aliitazama ile mikono muda mrefu. Kisha akageuzia uso dirishani, simu katikati ya magoti.

Foleni ikafunguka ghafla. Kijana wa uhamiaji alipokea pasi tatu, akachungulia mbele ya gari.

"Makcik, mama yangu, namba nyekundu hii. Unajua ni saa ngapi?"

"Najua kuliko wewe, mwanangu. Gonga mhuri."

Akagonga. Saodah akaikanyaga ile barabara ya tuta, mabomba makubwa ya maji kushoto kwake, bahari imetulia pande zote mbili, magari mbele yake yakisogea sasa lakini bila haraka yoyote, maana wao namba zao zilikuwa nyeusi.

"Tumefika?" aliuliza Nenek Temah, tende iko kwenye midomo tayari kuingia.

"Bado, mama."

Saa ya gari ikabadilika. Saa moja kamili.

"Sasa?"

"Bado."

Ikawa saa moja na dakika moja, ikawa na dakika mbili. Ndipo walipofika katikati, na Saodah akasema "Sasa, mama," kwa sauti ya mtu anayekabidhi kitu. Nyuma wakamsikia bibi akisema bismillahi na kutafuna.

Saodah alijua kwamba amechelewa, lakini hakutaka kujua.

"Saa ya gari hili inakimbia," alisema Hazwan, bado anatazama nje. "Umevuka kabla. Umeshinda, mama."

Ni kweli kwamba Saodah mwenyewe aliisogeza mbele saa ile alipolinunua gari, ili asichelewe kulirudisha. Aliisogeza kwa kiasi gani, alikuwa amesahau. Akaamini, kwa sababu alitamani kuamini, akaendesha mpaka kijijini kwa dada yake vioo vikiwa wazi na upepo wa Johor unampiga usoni. Jua lilikuwa limeshatoka na hakuna sheria iliyomgusa.

Kwa Kamsiah nyumba ilikuwa imejaa. Wakaswali Idi, wakarudi, na kabla ya kula na kabla ya makaburi ikaja kazi ya asubuhi hiyo ambayo Waislamu wa pande zile hawaikosi: mdogo anampigia magoti mkubwa, anabusu mkono wake, anaomba msamaha wa mwaka mzima, wa aliyoyatenda wazi na aliyoyaficha. Saodah alimbusu mama yake mkono akalia kidogo, kama kila mwaka. Kisha akakaa kwenye kiti, na Hazwan akapiga magoti mbele yake.

Aliushika mkono wa mama yake asiubusu.

"Mama, nisamehe. Ya wazi na ya siri."

"Nimekusamehe, baba. Inuka."

Hakuinuka. "La siri ni hili. Pale kwenye foleni, niliinunua."

Kamsiah, aliyekuwa akipitisha sahani, akasimama nayo mkononi.

"Ulinunua nini?" aliuliza Saodah, ingawa alijua.

"Ruhusa ya siku. Niliona mikono yako. Sikuweza, mama. Siku ya Idi siwezi kukuomba msamaha huku nakudanganya. Saa ya gari haikimbii kama nilivyosema; hata kwenye simu saa moja ilikuwa imepita. Tulichelewa."

Saodah aliutazama utosi wa mwanawe. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya hasira kikaja kitu kingine, maana mtoto huyu alikuwa amelishika gari mkononi, limeshakuwa lake kuliuza, akalirudisha kimyakimya bila kudai hata asante.

"Basi nimeshindwa," alisema.

"Si wewe uliyenunua. Ni mimi. Tuseme haihesabiki."

"Inahesabika! Gari ni langu, ruhusa ni ya gari langu. Usinipunguzie, Hazwan, mimi si mtoto. Nimeshindwa mbele ya Mungu na mbele ya jamaa zako wote hawa."

Nje mtoto wa jirani alilipua fataki, kuku wakakimbia. Kisha Saodah akateremka kwenye kiti. Akapiga magoti sakafuni, uso kwa uso na mwanawe, akaushika mkono wake kwa mikono miwili. Kamsiah akasema, "We! Unafanya nini?" lakini Saodah hakumjali.

"Nami nakuomba msamaha, mwanangu," alisema. "Niliapa nikishindwa gari liuzwe. Nimeshindwa, na siuzi. Nimevunja kiapo, na nikiulizwa kesho nitakivunja tena. Leo ni siku ya kusameheana. Nisamehe."

Hazwan alifungua mdomo. Akamtazama Kamsiah, akamtazama bibi yake, akawatazama watu wote waliokuwa wakisubiri aseme lile neno moja ambalo asubuhi hiyo hakuna Mwislamu anayeweza kumnyima mama yake.

"Msamehe, kijana," alisema Nenek Temah toka kitini. "Babu yako anangoja na mimi nasikia njaa."

"Lakini mama, nguzo…" alisema Hazwan, na machozi na kicheko vikamtoka pamoja. "Nimekusamehe. Wallahi, hii ni dhuluma. Nimekusamehe."

Saodah akainuka, akapangusa magoti, akatafuta ufunguo mfukoni. Akamshika mama yake mkono, wakatoka wote uani, ambako gari dogo lilisimama katikati ya jua la asubuhi na kibao chake chekundu mbele ya macho ya kila mtu.

"Kaa nyuma na bibi yako," alimwambia Hazwan. "Naendesha mimi."