Mbuzi wa Forodha na Nusu ya Doti

Jana usiku nililala ubavu, maana nusu ya kitanda ilikuwa ya mataulo, na kabla hata miguu haijapata joto niliota sanduku langu linakohoa.

Lilikuwa limesimama katikati ya chumba. Nikaliamkia shikamoo, kwa sababu nililinunua mtumba na huenda limenizidi umri.

"Marahaba," likaitikia. "Mwantumu, kesho tunarudi Tanga. Shangazi yako umemchukulia nini?"

Miaka mitatu nimekaa Bursa, huku Uturuki, nikijifunza na kufanya kazi ya mashine za kudarizi, na wiki nzima hii nimezunguka masokoni mpaka visigino vimepasuka. Kaka nimempatia taulo, shemeji mataulo mawili, watoto wao sabuni na peremende. Kila mtu amepata chake isipokuwa shangazi Mashavu, aliyenilea tangu sijaota meno. Mtandio wa hariri atasema unamteleza kichwani. Peremende hali, ana sukari. Na kila nikimpigia simu kumuuliza anataka nini, jibu lake ni lile lile.

"Mie usiniletee kitu, mwanangu. Niletee weye mwenyewe."

Nanyi mnawajua wazee wetu. Mzee akikwambia usimletee kitu, ole wako usimletee kitu! Maana yake tafuta kizuri, ukijue mwenyewe. Mkono mtupu haulambwi.

"Nimekosa," nikaliambia sanduku. "Na hata nikipata, nafasi hakuna. Jana nimekukalia mara tatu hukufungika."

"Nakumbuka vizuri," likasema. "Sikiliza. Zawadi ya msafiri ina masharti. Iwe nyepesi. Ikunjike. Isivunjike, isimwagike, isioze. Haya, zawadi zote, pangeni mstari."

Wanapanga mstari. Mbele zimesimama istikani sita, vile vigilasi vidogo vya chai nilivyonunua bila kujua vya nani. Nyuma yake mataulo. Mizani yangu ya kupimia mizigo imeketi kitini, imevaa miwani, na ndiyo mwamuzi.

"Zisivunjike," inasema mizani, kisha inazirusha istikani ukutani moja moja. Hazivunjiki. Zinarudi zikinung'unika.

"Sisi tutafika salama," zinasema, "lakini tutafungiwa kabatini tungoje wageni. Shangazi mwenyewe atakunywa chai kwenye kikombe cha bati."

Ni kweli. Shangazi ana seti tatu kabatini zinazongoja wageni ambao hawajazaliwa.

Taulo linaambiwa likunjike. Linajikunja, linajikunja tena, linajikunja mpaka halionekani.

"Limefaulu," inasema mizani, "ila limepotea. Anayefuata, Mwantumu."

"Mimi? Mimi si zawadi."

"Shangazi kasema aletewe weye mwenyewe," likadakia sanduku. "Nilikuwepo. Simu uliweka sauti kubwa."

Ninakunjwa. Wananikunja kama shuka, magoti kidevuni, mikono kwapani, na nashangaa haiumi hata kidogo. Mizani inanipima, inaguna, inasema kuhusu wepesi tutaelewana. Inaniuliza umri wangu. Naitajia, thelathini na minane.

"Kuoza ameshaanza," inasema, "ila atafika."

Kisha inanisogelea sikioni na kusema taratibu, "Shangazi yako anafagia uani tangu asubuhi. Uani kumeshang'aa, bado anafagia."

Nikamwagika. Machozi, makamasi, vyote. Mataulo yalipandisha miguu kitandani.

"Ameshindwa," ikatangaza mizani. "Anavuja. Hasafirishwi."

Jamani! Nililia huku nimekunjwa vile vile. Nikawauliza, nikibaki huku nani atamkunia nazi shangazi? Nani atamsuka nywele, na yeye mkono wa kulia haupandi tena? Sanduku likaangalia pembeni. Lilikuwa na huruma, lakini masharti ni masharti.

"Hebu nipisheni," ikasema sauti kutoka sakafuni, pale mlangoni.

Ilikuwa kanga yangu.

Kanga hii lazima niwaeleze. Siku naondoka Tanga, shangazi alitoa doti mpya ambayo bado haijakatwa, akaikata katikati. Kipande kimoja akajitanda yeye, kingine akanifunga kiunoni. Kwa haraka ya safari hatukupata hata nafasi ya kuzipinda. Maandishi yake yanasema NUSU NIMEKUPA, NZIMA NIRUDISHIE. Shangazi alisema tu, "Haya, nenda, gari litakuacha." Huku Bursa kanga hiyo imekuwa shuka langu, imekuwa pazia, na tangu theluji ianze kuanguka imekuwa tambara la kufutia viatu. Imechakaa, ukingo mzima nyuzi zinaning'inia. Nilikuwa nimepanga niiache hapo hapo mlangoni.

Ikaja yenyewe ikiburura nyuzi zake, ikanifuta uso. Ilinuka viatu kidogo. Sikujali, nilikuwa nimefarijika mno.

"Mie mwepesi," ikaiambia mizani. "Nakunjika. Sivunjiki. Kinachomwagika nakinywa. Na kuoza, tungekuwa tunaoza tungeshaoza."

Mizani ikavua miwani, ikaifutia kwenye pindo la kanga. "Piteni," ikasema. "Nyote wawili."

Mara hatuko Bursa. Tuko uani kwa shangazi, Ngamiani, kule Tanga, na katikati ya uani kuna meza ya forodha. Nyuma ya meza yupo shangazi Mashavu, amenipa mgongo, anafagia. Namwita, sauti haitoki.

Afisa wa forodha ni mbuzi mwenye kofia. Nikamtambua. Ndiye tuliyemchinja siku ya dua ya safari yangu.

"Samahani kwa yaliyotokea," nikamwambia.

"Hayo yamepita. Pilau ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri sana."

"Basi. Nyoosha mkono. Wenye kitu naulamba, mwenyewe anaingia. Mtupu siulambi, mwenyewe anarudi alikotoka. Sheria sikuitunga mimi."

Nikanyoosha mkono wenye kanga. Mbuzi akanusa, akanitazama.

"Hii si mpya."

"Si mpya."

"Hii ni ya kufutia viatu."

"Ndiyo, bwana afisa. Lakini ni yetu. Sina nyingine."

Akaliuma pindo, akalitafuna taratibu, macho ameyafumba. Nilimtazama shangazi mgongoni, na kwa kweli sijawahi kumtamani mtu hivyo. Nilitaka ageuke tu, hata kama ni kunigombeza.

"Ina chumvi," akasema mbuzi. "Ya miaka mitatu hii. Siyo ya leo."

Akanilamba mkono, ulimi mkavu kama msasa. Shangazi akaacha kufagia. Akaanza kugeuka.

Simu ikaita, nikaamka.

"Weye Mwantumu! Unalala mpaka saa hizi na safari ni leo?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu niambie, kwani huko mnafuga mbuzi?"

"Nipo ghorofa ya nne, shangazi."

"Makubwa! Mie nimeamka, kanga yangu, ile ya doti yetu, imetafunwa pindo. Nimelala nimejitanda mwenyewe, na mlango nimeutia komeo. Ya kwako iko wapi?"

Ilikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki kuiokota. Pindo lilikuwa limetafunwa, na bado lilikuwa bichi.

"Ninayo hapa," nikasema. "Nayo imetafunwa."

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Basi ije hivyo hivyo, usiifue," akasema. "Miaka mitatu yote unasomea mashine, mwanangu, na kanga zetu hazijapindwa. Njoo unipindie."

"Na zawadi, shangazi? Sijakupatia zawadi."

"Zawadi ipi tena? Uani nimeshafagia."

Akakata simu, maana hapendi mtu amsikie akilia. Nami nikakaa kitandani nikalia vizuri, nikajifutia kanga.

Halafu nikayatoa mataulo mawili ya shemeji. Nitamwomba radhi, ataelewa, na asipoelewa basi. Kanga nikaikunja, nikaiweka juu ya vitu vyote. Sanduku likafungika mara moja, wala sikulikalia. Nikaliambia ahsante, kwa heshima zote, maana huenda limenizidi umri.