Jogoo Mweusi wa Mzee Simeoni

Mwingereza alipoamua kwamba kuku wa Upare ni wadogo mno, hakuna aliyewauliza kuku wala wenye kuku. Amri ikapanda mlimani hadi Chome: majogoo wote wa kienyeji wachinjwe, na mahali pao wakae majogoo wa serikali, wakubwa, wenye mistari myeupe na myeusi kuanzia shingoni hadi mkiani. Aliyepita nyumba kwa nyumba na kisu alikuwa Eliamini, msaidizi wa bwana mifugo, kijana wa pale pale, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

Nyumbani kwa baba yake angeweza kupapita kimya kimya. Hakupapita. Alitaka watu waone kwamba yeye hana upendeleo, na cheo kikimwingia mtu kichwani hutafuta pa kuonekana.

Baba yake, Mzee Simeoni, alikuwa na jogoo mweusi tii, mweusi hadi kucha, wa uzao alioachiwa na marehemu baba yake. Mzee alimkumbatia jogoo wake, akasihi kwa upole kama anayemwomba mgeni. Eliamini akamnyang'anya jogoo mikononi, akamchinja uani mbele ya majirani.

"Sawa," Mzee alisema. "Siku nikifa, mkono wako usiguse udongo wa kaburi langu. Ukitaka niliondoe neno hili, niletee jogoo kama huyu, mweusi kama huyu, tena wa damu yake. Wa kununua ni kitoweo tu."

Mzee alikuwa Mlutheri wa kubatizwa na kiti chake kanisani kilijulikana. Lakini mambo ya radhi yana mlango wake. Baba akikusamehe hukutemea dengelua kifuani, pombe ile ya miwa, na bila hivyo huna baba, hata mchungaji aseme nini.

Mwanzoni Eliamini alicheka. Mke wake Lydia ndiye hakucheka. Baadaye Mzee alianza kukohoa, na kicheko kikaisha.

Kazi aliiona nyepesi. Alikuwa na mitetea weusi, mabinti wa yule jogoo aliyemchinja. Jogoo aliyeruhusiwa alikuwa wa serikali tu, basi akawaachia huyo. Mayai yalipoanguliwa, vifaranga wote wakatoka weusi! Eliamini alishuka mbio kwa baba yake, akatangaza kwamba uzao umerudi. Mzee akaita wazee wenzake, akamwambia Reginald, mwanawe mkubwa aliyekaa naye, akamue miwa.

Haraka haraka haina baraka. Kila kifaranga alikuwa na kidoa cheupe utosini, nacho Eliamini alikiona kama mtu anavyoona vumbi. Manyoya laini ya utotoni yalipopukutika na mapya kuota, kila unyoya ukaja na mistari. Hakusalimika hata mmoja. Wazee walikunywa dengelua yao wakaenda zao, na Mzee Simeoni akasema, "Umenichinja mara ya pili."

Kisha mdondo, tauni ya kuku, ukaingia. Ukafyeka mitetea wote wa zamani, ukaacha wale wa mistari peke yao. Kuku wa tambarare, kutoka Same mpaka Jipe, wakapigwa marufuku kupandishwa mlimani, na aliyewekwa njiani kuwazuia ni nani? Eliamini huyo huyo. Alijizibia njia kwa mikono yake.

Akawapandisha wa mistari kwa wa mistari. Safari hii walitoka wachache wasio na kidoa utosini, na hao walikua weusi kweli, weusi wa babu yao. Moyo ulimruka. Lakini wote walikuwa mitetea. Akaatamisha tena, ikawa vile vile: jogoo mweusi hakuna. Alimwuliza bwana mifugo, naye akamshangaa: mtu amepewa mistari, analilia weusi?

"Mpake jogoo mmoja masizi," Lydia alimwambia. "Macho ya mzee yenyewe yamechoka."

"Nimemdanganya mara moja bila kukusudia. Sitarudia kwa makusudi."

Aliketi bandani akiwatazama mpaka majirani wakasema kuku wamemloga. Mwisho akaona. Mtetea wa mistari huwapa wanawe wa kiume wote mistari yake, hambakizi hata mmoja. Basi jogoo mweusi hawezi kutoka kwake kamwe. Kwanza mtetea mweusi akue, apandwe na jogoo wa mistari aliyezaliwa na mama mweusi, ndipo atage. Hapo ndipo baadhi ya wana wa kiume watatoka weusi. Uzao mwingine mzima wa kungoja, na huku kikohozi cha Mzee kilikuwa kimeshuka kifuani.

Alingoja. Angefanya nini? Yai halisukumwi. Ukungu wa mlima Shengena ulikuja ukaondoka, mahindi yakavunwa, na katika vifaranga wa mtetea mweusi akapatikana mmoja asiye na kidoa, aliyeota undu mwekundu kichwani, alama ya jogoo, mapema kuliko wenzake. Akakua. Akawa jogoo, mweusi hadi kucha. Siku Reginald alipotuma watu kwamba baba hali chakula tena, Eliamini alivaa nguo zake nzuri kuliko zote ili amheshimu baba yake. Nguo zake nzuri zilikuwa zile za kaki.

"Shikamoo, baba."

Macho ya Mzee yalikwenda moja kwa moja mikononi mwake. Alimwona jogoo, uso ukamchangamka, akanyoosha mikono. Eliamini akampa. Reginald alisimama kando na kibuyu cha dengelua tayari.

Mzee akamsukumia jogoo chini ya blanketi, akajivuta mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Bwana, usimchukue huyu," akasema. "Nakuomba. Nina mwanangu serikalini, Eliamini. Yuko njiani. Akifika yeye atakuambia uniachie."

"Baba, ni mimi. Ndimi Eliamini. Nimekuletea, ni wako."

Mzee alimtazama kaptura, akamtazama usoni, akatikisa kichwa. "Mwanangu hawezi kuninyang'anya," alisema, na akamkumbatia jogoo kwa nguvu zote zilizombakia.

Eliamini alitoka nje, akavua shati, akarudi kifua wazi, akapiga magoti kando ya kitanda. Mzee alijifunika uso. Reginald alimshika ndugu yake bega, akamtoa, kwa sababu mgonjwa alikuwa anatetemeka.

Walimzika Jumamosi. Neno halikuwa limeondolewa, kwa hiyo Eliamini alisimama nje ya ua na kusikia udongo ukiangukia jeneza. Watu walipotawanyika, Reginald alimfuata pale, viganja vyake vimejaa tope.

"Mpaka anakata roho," Reginald alisema, "alikuwa akiniuliza kama umeshafika."