Ala Iliyolegea Mdomo

Usiniambie kwamba ngozi ni ngozi. Wa kwanza kuniambia hivyo ni mdogo wangu Dading, tumbo moja mimi na yeye, na mpaka leo nikimwona anapuliza kahawa yake natamani kumpokonya kikombe.

Sisi ni watu wa Meycauayan, mji wa watengeneza ngozi, upande wa mtoni, ambako mgeni huziba pua na sisi tukamcheka. Baba yetu, Tatang Terio, alitengeneza ala za bastola miaka arobaini. Alipokufa alituachia mashimo sita ya kulowekea ngozi, bastola ya mti aliyoichonga mwenyewe kwa ajili ya kufinyangia, na muhuri wa chuma wenye kichwa cha nyati. Dading alichukua mashimo. Mimi, Choleng, nikachukua visu, sindano na muhuri. Yeye anaivisha, mimi nashona.

Na kuivisha si mchezo. Ngozi mbichi unaiosha chumvi, unailaza kwenye chokaa mpaka manyoya yaachie kwa kidole, unaikwangua nyama upande wa ndani, unaisuuza chokaa mpaka iishe kabisa. Ndipo inaingia kwenye maji ya gome la mti wa kamatsile. Shimo la kwanza maji yawe hafifu kama chai ya mgonjwa, kwa sababu ukiitupa kwenye maji makali siku ya kwanza, juu inajifunga na ndani inabaki mbichi. Kila wiki unaihamisha shimo jingine, maji yakizidi ukali. Siku arobaini na zaidi. Ukitaka kujua kama imeiva, kata ukingo: rangi iwe moja kutoka juu hadi chini. Asiye na subira hiyo akauze ndizi za kukaanga.

Mwaka huo, mwezi wa saba, mto ulifurika ukaingia mashimoni. Na tayari tulikuwa tumepokea oda ya ala arobaini za walinzi wa kampuni moja ya ulinzi. Nilimuuliza Dading mara tatu kama ngozi zimepona. Akasema alizitoa mapema, zipo salama, nisijisumbue. Akaniletea migongo ya ngozi ya kahawia, mizuri, imenyooka. Mimi nilikuwa na mafua, pua imeziba, kichwa kinagonga. Nikakata, nikashona nane.

"Ate, wewe kalale," akaniambia, maana kwetu dada mkubwa ni Ate. "Kazi ya kufinyanga niachie mimi."

Nikasema moyoni, kumbe mdogo wangu amekua, anamwonea dada yake huruma. Kilikuwa kilemba cha ukoka, nami nikakivaa. Nikapiga muhuri wa Tatang kwenye zote nane bila kuzifinya hata kwa kidole kimoja, zikaenda kwa walinzi. Moja alipewa Rodel, mume wa Ludy, binti wa Dading mwenyewe, anayelinda duka la rehani karibu na soko.

Wiki mbili baadaye nilipona, nikashona ya tisa, nikakaa kuifinyanga. Sikiliza, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Ala iliyokwisha kushonwa unaichovya kwenye maji ya uvuguvugu, unaitoa, unaiacha mpaka rangi ianze kurudi. Ikiwa bado inadondosha maji, ngoja. Unaingiza bastola ya mti, unakandamiza kwa vidole na mfupa laini, kila kona, kila bonde, hasa pale kwenye kifyatulio. Ngozi ya gome inakubali. Unaweka alama ya kucha, inabaki. Kisha unaikausha kivulini, si juani, wala si juu ya jiko kama wavivu wafanyavyo, na ikikauka mdomo wake unasimama wazi hata bastola ikitoka. Huo mdomo kusimama ndiyo kazi yenyewe. Mengine ni mapambo.

Nikakandamiza. Ikarudi. Nikakandamiza tena kwa mfupa, ikarudi vilevile, kama kitambaa cha kufutia vyombo. Nikainusa. Juu ilinukia gome, lakini chini ya gome kulikuwa na harufu nyingine. Nikachukua kisu nikakata ukingo. Katikati ya kahawia ile kulikuwa na mstari wa rangi ya buluu iliyofifia, rangi ya ngozi ya kromu, ile inayoivishwa kwa chumvi za madini badala ya gome, inazungushwa kwenye pipa na kutoka kesho yake.

Sikumbuki nilivyovuka uwanja. Nakumbuka Dading alikuwa na mkate mkononi.

"Hii nini?"

"Ngozi, Ate."

"Nakuuliza tena, hii nini?"

"Ngozi ni ngozi, jamani! Mashimo yalijaa tope, ningefanyaje? Nimenunua kwa jirani, nimezipaka maji ya gome, rangi ileile, harufu ileile. Wewe mwenyewe hukujua. Si ndiwe fundi?"

Hapo alinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nilichemsha maji. Nikatumbukiza kipande cha ngozi ya Tatang iliyobaki tangu zamani, na kipande chake. Cha Tatang kilijikunja palepale kikawa kigumu kama ukwato wa nyati. Chake kilielea, laini, hakina habari. Hiyo ndiyo kromu. Katengenezee mkoba, katengenezee viatu, sina ugomvi nayo. Ila ala ya bastola inataka ngozi inayosimama, na chumvi za kromu zinakaribisha kutu kwenye chuma cha bastola.

"Sasa umeona," nikamwambia. "Twende tukazikusanye zote nane."

"Tukawaambie nini? Kwamba nyati wa Tatang ni mwongo? Ate, tumia akili. Mlinzi gani anachomoa bastola? Wanasinzia tu mlangoni. Ukiwaambia, oda imekufa na jina limekufa."

"Jina umeshaliua wewe. Mimi naogopa mtu."

"Hakuna atakayekufa kwa ala laini!"

Nilimshika ukosi wa fulana, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nikampakia kwenye pikipiki ya kiti cha pembeni. Njia nzima alinung'unika kwamba nimezoea kumwaibisha mbele za watu. Ningefungua mdomo ningemsukuma barabarani.

Tulifika saa ya kubadilishana zamu. Rodel alikuwa nyuma ya duka, anatoa risasi mbele ya boksi la mchanga kama wanavyotakiwa. Alitoa magazini, akavuta chuma, akaonyesha mwenzake kwamba ni tupu, mwenzake akaichungulia akaitikia.

"Tiya Choleng! Tay!" akatuita, shangazi na baba. "Kuna nini, Ludy mzima?"

"Ludy mzima. Vua mkanda, mpe baba mkwe wako."

Akashangaa, akavua. Niliitazama ile ala. Wiki mbili tu za jasho na mvua, na mdomo ulikuwa umelala, midomo yake imegusana kama ya kibogoyo.

"Vaa," nikamwambia Dading.

"Ate, usianze."

"Vaa. Rodel, mpe bastola tupu. Haya, Dading, irudishe kwenye ala kama mlinzi. Usiangalie chini. Mlinzi hatazami kiuno chake, anatazama mlango. Tazama mlango."

Akacheka kidogo, akamkonyeza Rodel, kama kusema wanawake hawa. Akatazama mlango. Akasukuma bastola, ikakwama. Akafanya kile ambacho kila mtu hufanya kitu kikikwama: akasukuma kwa nguvu zaidi. Mdomo wa ala ulijikunja kwa ndani, ukaingia kwenye kikuku cha kifyatulio, ukakaa pale kidole kinapokaa.

Klik.

Mkono wa Dading uliganda. Bastola ilikuwa imeelekea paja lake, chini kidogo ya kinena, pale mshipa mkubwa unapopita. Yule mlinzi mwingine akafanya ishara ya msalaba.

Kisha Rodel akasema, polepole, akiwa bado ameitazama ala, "Jana ilikwama hivyohivyo, Tay. Nikaona ni mpya, itazoea. Nikaisukuma. Sikusikia chochote, labda ngozi haikufika kwenye kifyatulio." Akaonyesha sakafu. "Jana ilikuwa na risasi. Na Ludy alikuwa amesimama hapahapa, ameniletea wali."

Ludy alikuwa na mimba ya miezi saba.

Dading aliketi kwenye boksi la mchanga na mkanda kiunoni. Nilidhani nitafurahi kumwona hivyo. Sikufurahi. Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma, naye na mimi mwenyewe, mimi niliyepiga muhuri kitu nisichokigusa kwa sababu mafua yalinifanya nipende kubembelezwa.

Zile saba alizifuata yeye mwenyewe siku hiyohiyo, lindo kwa lindo, na kila mlango nilimlazimisha aseme sababu kwa mdomo wake. Mlinzi wa ghala la mchele hakutaka kuitoa. Akasema hii ni laini, haimchubui kiuno, afadhali kuliko zile ngumu za zamani. Dading akapiga magoti kwenye vumbi la mchele, akafungua mkanda wa yule bwana kwa mikono yake, analia. Kampuni ikavunja oda. Walikuwa na haki.

Nilikata vichwa vya nyati kwenye ala saba, nikavitupa motoni. Ya Rodel sikuikata. Nimeitundika nzima kwenye mlango wa karakana, mdomo wake umelala vilevile. Akija mtu akaniambia nifanye haraka, ngozi ni ngozi, namwambia aivae kwanza.

Dading amesafisha mashimo. Anakwangua gome, anahesabu siku arobaini, hanidanganyi tena hata kwa siku moja. Sijamsamehe bado, naye hajaniomba. Lakini kwenye mlango ule hapiti. Hata mvua ikinyesha, hata akiwa amebeba ngozi mbichi mabegani, anazunguka nyuma ya nyumba, kwenye matope.