Mke wa Abba Psote

Jumatatu asubuhi Abba Psote, mtawa wa jangwani, alikuwa ameloweka makuti ya kusukia vikapu, anatafuna mkate mkavu kwa chumvi, mwanamke akaingia na mtungi begani akauliza aweke wapi maji.

"Wewe nani, mama?"

"Mkeo. Nimetoka kitabuni."

Psote akamwonyesha pa kuweka.

Kitabu walikuwa wamesomewa jana yake kanisani. Mwandishi alikuwa Evandro, aliyeishi naye chumba kimoja miaka tisa kabla ya kwenda kuwa askofu kwao Galatia. Watawa wa jangwa lile, kila jioni, humfungulia mwenzao mawazo yao, hata ya aibu, naye huyazika moyoni. Psote alimwambia Evandro kwamba anatamani kurudi kijijini akaoe. Wazo tu, likapita. Evandro akaandika kwamba Psote alitoroka akaoa, iwe onyo kwa wengine. Na jina akalitaja, mtu mzima hovyo!

Mchana padri akaja, akamwamkia mwanamke kwa adabu, akala dengu alizopika.

"Mzee wangu, mwenye mke hakai huku."

"Miaka arobaini sijavuka hata lile korongo, Padri!"

"Najua. Kila Jumapili nakuona. Lakini imeshaandikwa."

Psote hakutaka kingine duniani ila kufia katika chumba kile, alichokifyatulia matofali kwa mikono yake. Akatuma barua. Baada ya Pasaka Evandro akaja mwenyewe, akamkumbatia, akalia sana.

"Futa, ndugu yangu. Mstari mmoja tu."

"Nikifuta mmoja wataishuku na mingine. Halafu umewasaidia wengi, Psote. Wanalia wakiusoma."

"Nilikwambia wewe! Wewe peke yako!"

Evandro akaomba maji. Mwanamke akamletea.

"Baba Askofu, mie naitwa nani?"

Evandro akafikiri kidogo. "Jina halikuwa lazima."

Kesho yake mtawa mwingine akahamia chumbani. Psote alimtazama mwanamke kwa chuki, kisha akaona haya.

"Usininunie," mwanamke akasema. "Mie nami sikuulizwa."

Watawa waliwasindikiza hadi mwisho wa mchanga, wamembebea Psote mkeka wake. Mmoja mmoja wakambusu mkono, wakamwambia Mungu amsamehe kwa kuwatoroka.