Anayepuliza Chai

Oyat alikuwa ndani, mpira wenye kamera ukishuka kooni mwake, na mimi kwenye benchi la nje nilikuwa namwomba Mungu wapate kitu. Kidogo tu. Hata doa.

Kwa miaka mingi tulilinda lango la ghala moja pale Kamwokya, yeye askari mstaafu kutoka Kitgum, mimi Mkenya wa Busia. Tulichangia birika. Chai ilimiminwa ikiwa bado inatokota, na sheria yetu ilikuwa kwamba anayepuliza si mwanaume. Oyat alimaliza kikombe mimi bado nachungulia mvuke. Alinishinda kila asubuhi, na kila asubuhi nilijikaza nimfikie.

Kisha posho, yaani ugali, ikaanza kunikwama kooni, halafu uji, halafu maji.

Daktari Kaltumi aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipotaja Busia, akaitikia kwa kichwa. "Saratani ya umio tunaiona sana ukanda huu, kutoka kwenu mpaka Bonde la Ufa. Kwingine watu huugua zaidi tumbo, au utumbo mpana. Tunashuku chai ya moto sana, pombe kali, sigara, hata damu ya ukoo."

"Lakini musawo," Oyat, aliyenisindikiza, akamwambia daktari, "sisi tumekunywa birika moja. Na mimi ndiye nilikuwa nakunywa ya moto zaidi."

"Kwa nini yeye na si wewe, hilo siwezi kukuambia."

Hilo ndilo lililonitafuna. Oyat alipokula nyama mbele yangu, koo likipanda na kushuka bila shida, nilitamani imkwame. Mimi ndiye niliyemshawishi apimwe. Alidhani ninamjali.

Mlango ukafunguliwa. Daktari akasema koo ni safi, kama la kijana.

"Mungu mkubwa," nikasema, na roho ikaniuma.

Tulipofika barabarani, Oyat akasema kwa sauti iliyokwaruzwa na ule mpira, "Wandera, wewe ulikuwa unataka wapate kitu."

"Ndiyo."

"Hata mimi. Nilikuwa nafikiri tutaenda wote."

Nikamwonea wivu hata kwa hilo. Ni rahisi kulisema ukiwa mzima.

Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake. Kando ya barabara mtu alikuwa akikunja mayai ndani ya chapati, harufu imejaa kote. Nikamwambia Oyat akale.

"Sina njaa, ndugu yangu."

Tumbo lake likanguruma, tukalisikia sote wawili. Nikamnunulia mbili, nikasimama mbele yake mpaka akamaliza.