Saa Moja na Nusu

Barua ya kazi ilikuwa na aya tatu, na mama pacha alikuwa amezikariri zote. Ya kwanza ilimpongeza: kuanzia mwezi ujao angekuwa mfamasia mkuu wa hospitali kubwa ya jijini. Ya pili ilitaja mshahara, nao ulikuwa wa kumfanya mtu atafute kiti akae. Ya tatu ilisema, kwa adabu zote, kwamba mfamasia mkuu hutia saini kitabu cha mahudhurio saa mbili kamili asubuhi, na kwamba aliyemtangulia aliondoka kwa sababu ya kitabu hichohicho.

Kwa hiyo ilibidi wahame. Kutoka mji wao mdogo hadi jijini ni mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa basi, na hakuna mfamasia duniani anayeweza kuuendesha mwili wake hivyo kila siku. Kukaa katikati ya jiji hawakukuweza, wala hawakukutamani. Wakakubaliana watafute kitongoji cha pembezoni, na kazi ya kutafuta akakabidhiwa baba pacha, ambaye ni fundi saa na ofisi yake yote huingia kwenye begi moja: bisibisi ndogondogo, koleo, na kile kioo cha kubana jichoni. Watu wote walimwita Fundi, na mkewe pia.

Fundi ni mtu wa mpangilio kupita kiasi. Alinunua daftari jipya, akawapigia simu madalali wa vitongoji kumi na kimoja, akaandika kila alichoambiwa, na kitongoji kilichokosa sifa akakipiga mstari mwekundu kwa rula. Mtu anayekata jina la mahali kwa rula haulizwi mara mbili, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Lilikuwapo sharti moja ambalo mama pacha hakukubali lijadiliwe, nalo lilikuwa Bibi: lazima akae nao. Bibi alikuwa mama mzazi wa Fundi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na magoti yaliyokwisha kugombana na ngazi. Miaka yote minne ambayo mama pacha alikuwa chuoni akisomea dawa, Bibi ndiye aliyewalea wale pacha wa kike, akawavusha surua, akawafundisha kufunga kamba za viatu, na hata siku moja hakumpigia mkwewe simu kumwambia amechoka. Wapo wanaomsema mama mkwe mchana kutwa. Mama pacha alimpenda wake, na aliyetaka kumcheka kwa hilo alikuwa na ruhusa.

Mwisho wa wiki ya tatu daftari lilibaki na kitongoji kimoja tu kisicho na mstari. Kilikuwa cha maghorofa mapya, dakika hamsini kutoka hospitalini. Vyumba viwili, ghorofa ya nne, na lifti iliyobandikwa karatasi ya kusema inatengenezwa, karatasi yenyewe imekwisha kufifia kwa jua. Bibi alipoelezwa hakunung'unika hata kidogo. Alisema yeye ni wa popote, asimsumbue mtu, angekwenda kukaa kwa binti yake. Kila mtu alijua kwamba nyumba ya wifi ilikuwa imejaa pomoni na kwamba Bibi angelala sebuleni, akisubiri wageni waondoke ndipo atandike. Lakini hapakuwa na nyumba nyingine. Wakapanga Jumamosi waende kutia saini mkataba wa ghorofani, na mama pacha akawa anaoga muda mrefu kuliko kawaida ili alie bila kuulizwa maswali.

Alhamisi, akiwa kwenye famasi yake ya zamani akihesabu siku zilizobaki, aliingia mzee mmoja mteja wake, mwalimu mstaafu, akikohoa na kukasirika kwa pamoja. Alisema dawa alizopewa juzi hazina kazi. Mama pacha akamuuliza amezinywaje. Mzee akajibu amezinywa sawasawa na maandishi, bila kukosea, tena alitegesha saa ya mezani: kidonge kimoja saa nane mchana, kimoja saa nane usiku. Akaweka boksi juu ya kaunta. Kibandiko kilisema: kimoja kila saa 8.

Mama pacha alijua kosa ni la kwao. Siku zote yeye humwandikia mgonjwa saa zenyewe: kumi na mbili asubuhi, nane mchana, nne usiku. Safari hii kibandiko kiliandikwa na mwenzake, kikatoka bila kupita mikononi mwake. Akamwomba mzee radhi, akamweleza kwamba zile nane zilikuwa za kuhesabu, si za kutazama ukutani, akamwandikia upya kwa kalamu nene. Mzee akacheka mwenyewe, akasema lugha yetu hii inataka mtu awe macho. Akaaga. Mama pacha akabaki na kalamu mkononi, hajaifunika.

Saa za kuhesabu na saa za kutazama. Kulikuwa na ukurasa mmoja kwenye daftari la Fundi ambao yeye aliuona mara moja tu, ukampita.

Hakungoja jioni. Wakati wa chakula cha mchana alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mumewe, akamkuta kioo kiko jichoni na saa ya mtu imefumuliwa mbele yake. Akamwambia alete daftari. Ukurasa wa sita ulikuwa wa kitongoji cha mwisho wa reli, umeandikwa kwa mwandiko safi: nyumba ya chini, vyumba vitatu, choo ndani, shule jirani, hakuna ngazi hata moja. Chini yake: treni ya asubuhi, mjini saa 1½. Juu ya yote hayo, mstari mwekundu ulionyooka.

"Hii saa moja na nusu," akauliza polepole, "ni ya kwenda au ya kufika?"

Fundi akaweka bisibisi chini. Akatoa kioo jichoni.

"Dalali alisema mjini saa moja na nusu."

"Sawa. Ya kwenda au ya kufika?"

Nitamtetea Fundi kidogo hapa, kwa kuwa hakuna mwingine atakayemtetea. Anashinda na saa za watu kutwa nzima. Anajua kwa nini zinachelewa, kwa nini zinakimbia, na ni chembe gani ya vumbi imekwama wapi. Kinachosemwa na watu kuhusu saa si fani yake. Alipiga simu palepale. Dalali alishangaa kuulizwa: treni inatoka saa moja kasoro robo na kuingia mjini saa moja na nusu, kila mtu anajua. Nyumba bado iko wazi, ila kesho saa tano kuna mteja anakuja, na ameshaonyesha kila dalili ya kuichukua.

Mama pacha akamnyang'anya mumewe simu. "Saa tano za ukutani," akauliza, "au baada ya saa tano?"

"Za ukutani, mama," dalali akasema, kwa sauti ya mtu anayeanza kuwa na mashaka na wateja wake.

Ijumaa walitoka alfajiri kwa basi, likawashusha stesheni. Pacha walibaki kwa jirani wakisubiri kwenda shule. Bibi alikataa kwenda, akasema yeye hana la kufanya huko, mpaka mama pacha alipomwambia anahitaji mtu wa kumkagulia jiko. Hapo Bibi akachukua kitambaa chake cha kichwa, maana jiko si jambo la kuwaachia watoto, na kwa Bibi hawa wawili walikuwa bado watoto.

Saa tatu asubuhi dalali aliwafungulia geti. Nyumba haikuwa ya kujidai. Rangi ilikuwa imebabuka upande wa mvua, na mlango wa chumba kimoja uligoma kufunga. Lakini Bibi aliingia kutoka getini hadi jikoni, jikoni hadi vyumbani, vyumbani hadi chooni, akarudi, na njia nzima hakushika ukuta hata mara moja. Alifungua bomba, akasikiliza maji, akalifunga. Alisema nyumba si mbaya. Mwanawe, aliyeoa baada ya mchumba wake kusifiwa kwa maneno hayohayo, alijua hilo ni neno zito.

Dalali akatoa kalamu. Mama pacha akasema bado. Ameona ratiba ya treni ukutani pale stesheni na ameisoma, lakini jana tu ameona kibandiko kilichoandikwa vizuri kikimkohoza mtu siku mbili. Anataka njia yenyewe ipimwe. Akamtuma Fundi apande treni ya saa tatu u nusu, ashuke mjini, atembee hadi hospitalini kwa mwendo wa mtu mwenye viatu vya kazini, apige simu akifika. Fundi hakubisha. Alivaa saa yake bora kuliko zote, akaiangalia mara mbili, akaondoka akiwa na uso wa mtu anayekwenda kulipa kisasi.

Mama pacha akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele na kumwambia dalali kwamba hatoki hapo. Bibi akaletewa kiti cha plastiki. Wakakaa wakitazama geti, wanawake wawili waliozoeana, mpaka Bibi akakohoa kidogo.

"Usichague nyumba kwa ajili ya magoti yangu, mwanangu. Nitakuja kuwa deni juu yenu."

"Sichagui magoti, Mama. Nachagua nikirudi jioni nimkute nani." Alitaka kuishia hapo, lakini yakamtoka yote. "Shahada ile ukutani ina jina langu peke yangu. Kila nikiiona naona aibu. Wewe ndiye uliyenisomesha, na sasa nikulaze sebuleni kwa watu?"

Bibi alijifunga kitambaa upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

Simu iliita saa nne na dakika ishirini na mbili. Fundi alikuwa anahema. "Arobaini na tatu kwenye reli," akasema. "Tisa kwa miguu. Nimesimama kwenye geti la hospitali, na mlinzi ananiuliza naumwa wapi."

Mama pacha alisimama. Alikuwa mwanamke mtulivu, mtu wa kupima kwa gramu, lakini pale kizingitini alipiga kigelegele kirefu mpaka majirani wawili wakatoa vichwa madirishani, na mmoja, bila kujua ni cha nini, akamwitikia. Alicheka, akalia, akamwambia mumewe arudi upesi na asithubutu kupotea. Alijiona ameushinda mji mzima, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli.

Dalali alifungua fomu juu ya paja. Gari lilisimama nje ya geti, mteja wa pili akashuka akitazama saa yake. Tano kamili ilikuwa bado, na yeye mwenyewe aliona amechelewa. Dalali akamnyooshea mkono wa samahani, akamgeukia mama pacha na kumuuliza watakaoishi humo ni wangapi.

Mama pacha alikuwa na jibu mdomoni. Akalimeza, akamtazama Bibi, akangoja. Dalali naye akangoja, kalamu hewani, asijue anangoja nini.

"Watano," Bibi akasema. Alisema kwa sauti iliyofika getini. "Andika watano. Na hicho chumba cha mbele chenye jua la asubuhi ni changu mimi. Wale watoto wasije wakaniwahi."

Dalali akaandika.